Diva: cheo, sifa au tusi?

Magazeti yetu humwita diva karibu kila mwimbaji wa kike mwenye jina, na mtaani neno hilohilo humwangukia dada anayeringa, anayechelewa kila mahali na bado anataka asubiriwe. Katika opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa pamoja na okestra, lilikotoka, neno hili limebeba mambo matatu yaliyozaliwa nyakati tofauti: cheo cha kazi, sifa ya kipaji, na lawama ya tabia. Anayeyachanganya huishia kuamini kwamba waimbaji wakubwa wa kike wa opera walikuwa wakorofi wa kuzaliwa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa udiva ni masharti ya kazi ngumu, inayofanywa bila kipaza sauti na kulipwa usiku mmoja mmoja.

Cheo kilitangulia

Opera ilianza Italia mwishoni mwa karne ya 16 kama burudani ya majumba ya watawala, Florence kwanza, kisha Mantua. Mwimbaji alikuwa mtu wa nyumba ya bwana wake na hakuwa na haja ya kuvuta umati. Mambo yaligeuka mwaka 1637, pale Teatro San Cassiano ya Venice ilipofungua milango kwa yeyote mwenye kununua tiketi. Tangu hapo mwenye kampuni alihitaji jina la kujaza viti. Mmoja wa waliojaza viti mapema alikuwa Anna Renzi, mwanamke wa Roma, aliyeimba Venice katika La finta pazza mwaka 1641, na miaka miwili baadaye akawa Ottavia, malkia anayefukuzwa na mumewe, katika L'incoronazione di Poppea ya Monteverdi. Mwaka 1644 kilichapishwa kitabu kizima cha kumsifu. Wanahistoria wengi humtaja yeye kuwa prima donna (mwimbaji mkuu wa kike) wa kwanza.

Si ajabu kwamba ilibidi mwanamke wa Roma akavumie Venice. Roma ilikuwa chini ya Papa, na huko wanawake walikatazwa kupanda jukwaani, kwa hiyo nafasi zao ziliimbwa na wanaume waliohasiwa wangali wavulana ili sauti isivunjike. Hadi karne ya 18 ilipokaribia kwisha, matowashi hao walikuwa washindani wakubwa wa waimbaji wa kike kwa umaarufu na kwa fedha.

Prima donna maana yake ni mwanamke wa kwanza, na hapo hakuna sifa yoyote. Ni nafasi ya kazi inayoandikwa kwenye mkataba. Chini yake yupo seconda donna, na chini zaidi waimbaji wa sehemu ndogondogo. Katika karne ya 18 cheo kilipimwa kwa arya, yaani wimbo wa mtu mmoja ambamo hadithi husimama ili mhusika afungue moyo. Waimbaji wakuu walipewa arya nyingi, tena za hisia mbalimbali: ya hasira, ya huzuni, ya kujigamba. Wa daraja la pili walipata chache. Wa chini kabisa aliambulia moja, ikipangwa saa ambayo watu wanatoka kununua barafu tamu, ndiyo maana Waitaliano waliiita arya ya sorbeti.

Utaratibu huu uliitwa convenienze, na uliheshimiwa kama itifaki ya ikulu. Kumwongezea seconda donna arya moja kulikuwa ni kumshusha aliye juu yake mbele ya mji mzima, na waajiri wa msimu ujao wangepata habari. Wengine walisafiri na arya zao sandukuni, wakazipachika ndani ya opera yoyote waliyoajiriwa kuimba, mtunzi apende asipende. Mtunzi Donizetti aliucheka mfumo mzima katika opera ya vichekesho ya mwaka 1827: prima donna hataki kufanya mazoezi na mwenzake wa chini, kisha anaingia mama wa yule seconda donna, akiimbwa na mwanamume mwenye sauti nzito, kumdai mwanawe haki. Watazamaji walicheka kwa sababu walizijua kesi za namna hiyo.

Pale cheo kinapogawanywa kwa watu wawili, ndipo moto huwaka. Kampuni ya opera ya London ambayo Handel aliitungia iliajiri wanawake wawili wa kwanza kwa pamoja: Francesca Cuzzoni, aliyesifika kwa nyimbo za taratibu za kutoa machozi, na Faustina Bordoni, aliyesifika kwa noti za kasi. Katika Alessandro ya mwaka 1726 Handel alijitahidi kuwapimia sawasawa. Haikusaidia. Tarehe 6 Juni 1727, katika Astianatte ya Bononcini, mashabiki wa pande mbili walizomeana na kupiga miluzi, mbele ya Caroline, mke wa mrithi wa ufalme, hata onyesho likaharibika. Vijitabu vilivyouzwa baadaye viliwaonyesha wanawake hao wakivutana nywele jukwaani. Ghasia za kweli zilikuwa kwenye viti vya watazamaji. Nywele ziliongezwa na waandishi. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka miaka ya 1990, waimbaji wa taarab Khadija Kopa akiwa kundi la TOT na Nasma Khamis akiwa Muungano, hana haja ya kuelezwa jinsi upinzani wa waimbaji wawili wa kike unavyouza tiketi.

Kisha ikaja sifa

Diva ni neno la ukoo mwingine. Kwa Kilatini na Kiitaliano ni mungu wa kike. Katika karne ya 19 wapenzi wa opera walianza kuwaita hivyo waimbaji waliowatoa watu akili, na kufikia miaka ya 1880 magazeti ya Kiingereza nayo yalikuwa yamelichukua. Hakuna mkataba ulioajiri mtu kwa cheo cha diva. Prima donna anateuliwa na mwenye kampuni; diva anatawazwa na watazamaji, na haohao wanaweza kumvua taji usiku mmoja. Mtu anaweza kuwa prima donna msimu mzima bila mtu yeyote kumwita diva.

Wimbo ulioliingiza neno hili masikioni mwa wengi ni Casta diva, wa opera ya Norma ya Bellini, iliyoimbwa mara ya kwanza katika ukumbi wa La Scala, Milan, tarehe 26 Desemba 1831, Giuditta Pasta akiwa Norma. Ndani ya hadithi mungu huyo si mwimbaji. Norma ni kuhani wa Wagalia walio chini ya utawala wa Warumi, naye anauomba mwezi, mungu safi, amani kwa watu wanaotaka vita. Bellini aliuandika katika ufunguo wa G, lakini mazoea ni kuuimba katika F, hatua moja chini. Hata hapo ni mtihani. Filimbi hutangulia peke yake, kisha sauti huingia taratibu na kubeba mstari mrefu ambao ukikatwa kwa pumzi mahali pasipofaa umeharibika. Baada ya sala hiyo mwimbaji bado ana karibu opera nzima ya usaliti, hasira na nia ya kuua. Lilli Lehmann, Mjerumani aliyeimba Norma na pia Brünnhilde, mhusika wa kike wa opera tatu za mtunzi Wagner, alisema kuimba Brünnhilde wote watatu ni rahisi kuliko kuimba Norma mmoja.

Koo dhidi ya okestra

Aliyeimba kwaya anajua soprano kuwa ni sauti ya kwanza, basi. Katika opera soprano ni jamii nzima. Yupo mwepesi wa kurukaruka juu, yupo laini wa nyimbo za mapenzi, yupo spinto anayeweza kusukuma sauti panapohitajika nguvu, na yupo wa Wagner anayesimama mbele ya okestra ya wapigaji 90 au zaidi. Chini yao wapo mezo-soprano na kontralto. Nyumba za opera za Ujerumani zimeyaandika haya katika mfumo uitwao Fach: mwimbaji wa kuajiriwa huwekwa kwenye kundi lake, na orodha ya sehemu za kundi hilo humkinga asilazimishwe kuimba zisizo za koo lake. Kinga hiyo ina maana kubwa. Soprano laini wa miaka 25 akipewa sehemu nzito kwa sababu ana sura nzuri na mwenye sauti inayostahili hayupo, ataziimba. Matatizo huja miaka michache baadaye: mtetemo wa kawaida wa sauti, ambao huwa mara 5 hadi 7 kwa sekunde, unapungua kasi na kupanuka, na msikilizaji anasikia noti inayumba badala ya kung'aa.

Nyuzi za sauti za mwanamke ni mikunjo miwili yenye urefu wa kama sentimita moja hadi moja na nusu. Akiimba noti A ya katikati, mikunjo hiyo hugongana mara 440 kwa sekunde. C ya juu, ambayo soprano wengi wa opera huidai, ni kama mara 1,047. Malkia wa Usiku katika Die Zauberflöte ya Mozart (1791) hupanda hadi F iliyo juu zaidi, kama mara 1,397 kwa sekunde. Mozart aliiandika kwa ajili ya shemeji yake, Josepha Hofer, akijua koo lake linafika wapi.

Sauti hiyo inasikikaje katika ukumbi kama wa Metropolitan Opera ya New York, wenye viti karibu 3,800, bila kipaza sauti? Kelele haitoshi. Nguvu nyingi ya okestra imejaa kwenye mitetemo ya chini, kilele chake kikiwa karibu na 500 kwa sekunde. Mwimbaji aliyefundishwa hulipanga koo lake ili nishati nyingi ikusanyike karibu na 3,000, mahali ambapo okestra imepungua na sikio la binadamu ni kali. Hiyo ndiyo siri ya sauti nyingi za opera, hasa za kiume na za kike za chini. Soprano akipanda juu sana hutumia njia nyingine: hufungua taya ili nafasi ya kinywa ilingane na noti anayoiimba, na kinywa kinaikuza noti kama pipa linavyokuza mlio. Gharama yake ni maneno. Taya likiwa wazi hivyo, i na e na u zote huelekea kuwa a, na hata Mwitaliano hashiki kinachoimbwa. Usimlaumu mwimbaji kwa hilo. Kampuni ya opera ya Toronto ilianza mwaka 1983 kuonyesha tafsiri juu ya jukwaa, na sasa karibu kila nyumba kubwa inafanya hivyo.

Ukishaelewa haya, orodha ya madai ya waimbaji inaanza kusomeka vizuri zaidi. Hataki kiyoyozi chumbani kwa sababu hewa kavu hukausha utando wa nyuzi. Hataki manukato makali, maua yenye chavua wala moshi wa jukwaani kwa sababu kikohozi kimoja kikali kinaweza kuziumiza. Hanywi aspirini karibu na onyesho kwa kuwa hupunguza kuganda kwa damu, na nyuzi zilizovimba zikilazimishwa zinaweza kuvuja damu ndani. Hazungumzi siku ya onyesho, au huzungumza kidogo, anakula saa kadhaa kabla, anapasha sauti, na baada ya usiku mzito anahitaji siku mbili tatu za kupumzika. Zipo nyumba za opera za Ulaya zilizowahi kuwapa wanawake siku za ruhusa kabla ya hedhi, kwa kuwa nyuzi huvimba kidogo wakati huo. Hatari iliyofichika zaidi ni dawa za kotisoni. Hutuliza uvimbe kwa haraka, mwimbaji anajiona mzima, anaimba, na jeraha ambalo lingepona kwa wiki ya ukimya linakuwa la miezi.

Fedha kabla ya kiatu

Mwimbaji mgeni wa opera kwa kawaida hulipwa kwa onyesho. Wiki za mazoezi humezwa ndani ya malipo hayo, na asipoimba, mara nyingi halipwi. Mwaka 2020, kumbi zilipofungwa kwa korona, waimbaji wengi walioshafanya mazoezi waliondoka mikono mitupu kwa kifungu cha mkataba kuhusu majanga. Karne ya 19 ilikuwa mbaya zaidi, kwani mwenye kampuni alikuwa mfanyabiashara wa kubahatisha ambaye msimu mmoja mbaya ulimfilisi, na mwimbaji ndiye aliyebaki na deni lisilolipika.

Ndiyo maana Adelina Patti (1843–1919) alidai dola 5,000 kwa usiku, na alizitaka kabla ya kuimba. James Mapleson, aliyemzungusha Marekani, alisimulia mwenyewe jinsi siku moja alivyokuwa na pauni 800 tu kati ya 1,000 (ndizo zile dola 5,000). Patti alikubali kuja ukumbini na kuvaa nguo zote, isipokuwa viatu. Tiketi zilipoanza kuuzwa, fungu lililofuata likaletwa, akavaa kiatu kimoja. Salio lilipofika, akavaa cha pili, akaingia jukwaani akitabasamu. Kisa hiki hutajwa kama kilele cha udiva. Kwangu kinasomeka kama fundi asiyekabidhi kazi kabla ya kulipwa, na aliyemjua vizuri mteja wake.

Jenny Lind wa Sweden naye alitaka fedha ziwekwe mbele. Kabla ya kuvuka bahari mwaka 1850 kwa ziara aliyoiandaa P. T. Barnum, dola 1,000 kwa kila tamasha, malipo yaliwekwa benki kama dhamana. Sehemu kubwa ya mapato yake aliitoa kwa misaada, zikiwemo shule za kwao. Yeye haitwi mkorofi. Anaitwa mtakatifu, ingawa sharti lake lilikuwa lilelile.

Kufuta onyesho

Tarehe 2 Januari 1958, soprano maarufu Maria Callas aliimba Norma mjini Roma katika ufunguzi wa msimu, Rais Giovanni Gronchi akiwa ukumbini. Alikuwa mgonjwa wa koo tangu awali, na hakukuwa na mwimbaji wa akiba aliyeandaliwa. Aliimba tendo la kwanza, Casta diva ikiwemo, akazomewa na baadhi ya watu, sauti ikazidi kumtoka, na hakurudi. Magazeti yalimchana kana kwamba amelitukana taifa. Kosa la kitaalamu la usiku ule ni la utawala: hakuna nyumba makini inayofungua msimu kwa Norma bila mtu wa akiba. Miaka mingi baadaye mahakama ya Italia ilimpa Callas haki dhidi ya ukumbi ule. Habari hiyo haikuandikwa kwa herufi kubwa.

Sasa mlinganishe na Luciano Pavarotti, mwimbaji wa kiume wa Italia. Mwaka 1989 Lyric Opera ya Chicago ilikata uhusiano naye baada ya kufuta maonyesho 26 kati ya 41 aliyopangiwa katika miaka minane. Kiitaliano kinalo neno divo la mwanamume, lakini halikusafiri kwenda lugha nyingine kama tusi. Mwanamume hubaki kuwa gwiji mwenye afya tete. Mwimbaji mwingine wa kiume, Roberto Alagna, alipotoka jukwaani La Scala mwezi Desemba 2006 baada ya kuzomewa katika Aida, wengi waliwalaumu wazomeaji. Kathleen Battle, soprano mweusi wa Marekani, alipofukuzwa na Metropolitan mwezi Februari 1994 kwa madai ya mwenendo mbaya mazoezini, neno diva lilikuwa tayari limeshamsubiri mlangoni. Inawezekana alikuwa mgumu kufanya naye kazi. Lakini ugumu wa wanaume haukupewa neno lake.

Kwa waimbaji weusi kulikuwa na kizingiti kingine kabla ya hicho. Marian Anderson aliimba mbele ya watu wapatao 75,000 penye ukumbusho wa Lincoln mjini Washington, tarehe 9 Aprili 1939, baada ya kunyimwa ukumbi kwa sababu ya rangi yake. Metropolitan ilimfungulia mlango tarehe 7 Januari 1955, akiwa na miaka 57, umri ambao sauti nyingi zimeshashuka. Leontyne Price alifika akiwa na nguvu zake zote: tarehe 27 Januari 1961, katika Il trovatore, inasimuliwa kwamba watu walimpigia makofi kwa takriban dakika 40.

Kufuta kwa mmoja ni riziki ya mwingine. Montserrat Caballé wa Hispania alipata jina usiku mmoja wa Aprili 1965, pale Carnegie Hall, alipomshikia nafasi Marilyn Horne katika Lucrezia Borgia. (Ndiye yule aliyerekodi Barcelona na Freddie Mercury, mtoto wa Zanzibar.) Pretty Yende wa Afrika Kusini aliingia Metropolitan mwezi Januari 2013 akichukua nafasi ya mwenzake aliyejitoa, alijikwaa kwenye ngazi mara tu alipotokea, akainuka, akaimba. Na Februari 1998, Pavarotti alipougua saa chache kabla ya kuimba Nessun dorma, arya ya mwanamume, kwenye tuzo za Grammy, Aretha Franklin aliichukua katika ufunguo uleule wa mwanamume, maana okestra haikuwa na karatasi nyingine. Miezi miwili baadaye alikuwa kwenye tamasha la televisheni la VH1 lenye neno divas kwenye jina lake, pamoja na Mariah Carey, Celine Dion, Shania Twain na Gloria Estefan. Tamasha hilo lilichangia sana kulihamisha neno kutoka opera kwenda pop, na huku kwetu likaingia kwa mlango huo wa pop. Ndiyo maana twasema diva wa taarab au diva wa Bongo Fleva bila kumfikiria Norma.

Ukibahatika kuingia ukumbi wa opera na mwimbaji wa kike akakugusa, kelele ni brava. Bravo ni ya mwanamume, bravi ni ya wote kwa pamoja. Subiri noti ya mwisho iishe, na sauti ya okestra nayo itulie, isipokuwa ukiona ukumbi mzima umelipuka baada ya arya. Mluzi uache nyumbani. Italia anayepiga mluzi anazomea.